Kibuyu Kisichofukizwa

9 Oktoba

“Hadithi ya marehemu Bilan ilikuwa mifupa mitupu. Sisi tumeitia nyama, tukaipa na moyo.” Hayo ni maneno ya Abdinasir, mtengeneza filamu, katika gazeti la leo. Nimeyakata kwa mkasi na kuyabandika hapa ili nisije nikasahau kwa nini nimeanza shajara hii.

Mifupa? Mtu anayeiita “Maziwa ya Mgeni” mifupa ama hakuisoma, ama aliisoma huku akitafuta pa kuweka kamera. Hadithi ile ina moyo. Kinachomkera Abdinasir ni kwamba moyo huo haukumsamehe mtu.

Nilimfundisha Kiswahili mvulana huyu hapa hapa Garissa. Alikuwa na kipaji cha kuandika insha tamu juu ya vitabu ambavyo hakuvifungua. Kumbe hakuacha.

Bilan alikuwa mdogo wangu. Alichapisha hadithi hiyo moja, kisha maradhi yakamchukua mwaka juzi. Yeye hawezi kujibu. Mimi naweza. Filamu itaonyeshwa Jumanne ukumbini, na nitakwenda na kalamu.

12 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zake. Mama haulizi lolote juu ya filamu.

15 Oktoba

Nimetoka ukumbini sasa hivi. Naandika kabla hasira haijapoa, maana hasira iliyopoa huanza kuwa na adabu.

Kwanza hadithi. Ni mambo yaliyotokea nyumbani kwetu. Bilan hakubuni mengi. Kaka yetu Yarrow aliuawa karibu na Kotile, mwaka wa ukame, katika ugomvi wa bwawa la maji. Miezi michache baadaye, jua likizama, mtu asiyejulikana alifika kwenye boma la Mama akiwa na kiu. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajanywa. Mama akamletea maziwa ya ngamia katika dhiil, kibuyu chetu cha nyuzi zilizosukwa. Mgeni akalaza fimbo yake mlangoni, akanywa. Mama akaitazama fimbo. Ilikuwa ya Yarrow. Adeer Abdijabar, ndugu ya baba yetu, ndiye aliyemchongea.

Basi hapo maziwa yameshashuka kooni, na mtu aliyekunywa maziwa yako hagusiki. Mama akasubiri amalize. Akamwuliza jambo moja tu: “Unalijua jina lake?” Mgeni akanyamaza. Mama akamsindikiza hadi mgunga wa mwisho wa malisho yetu, akamwambia: “Maziwa yangu yanakulinda mpaka hapa. Siku utakayolijua jina lake, njoo na wazee wako mlitaje.” Kisha akarudi, akakichukua kibuyu, na badala ya kukiosha na kukifukiza kwa kijinga cha moto kama kila mwanamke afanyavyo baada ya maziwa, akakitundika vilevile. Hadithi inaishia hapo. Kibuyu kimetundikwa, kinanuka mdomo wa muuaji.

Sasa filamu. Abdinasir ameiita “Rehema ya Jangwani”. Tulipoishi si jangwa, lakini tuache hilo, jangwa linauzika. Fimbo haipo. Mama wa kwenye filamu anamtambua muuaji kwa ndoto, kwa sababu watu wa huku, bila shaka, hatuna macho, tuna ndoto. Kibuyu kimevishwa shanga. Muuaji anapiga magoti, analia: “Mimi ndiye niliyemuua.” Mama anamwekea mkono kichwani. “Nimekusamehe, mwanangu.” Kinanda kinapigwa. Sijui nani alikibeba kinanda hadi kwenye boma la ngamia.

Sidai filamu ifuate hadithi neno kwa neno. Anayedai hivyo hajui filamu wala hadithi. Mwandishi akiandika “alinyamaza” kazi yake imekwisha. Mwenye kamera lazima atafute uso wa kunyamaza. Na kuna picha moja ya Abdinasir ambayo Bilan angeionea wivu: mgeni anapokaribia, ngamia wote wanageuza vichwa pamoja, isipokuwa mmoja tu, aliyekuwa wa Yarrow. Ni picha nzuri. Namchukia zaidi kwa sababu yake, maana inaonyesha alikuwa na uwezo.

Lakini kosa kubwa lilinigonga nikiwa tayari mlangoni. Katika hadithi muuaji hana jina. Ni “mgeni” mwanzo hadi mwisho. Yarrow ndiye mwenye jina. Katika filamu muuaji anaitwa Khalif. Ana mama, ana mchumba, ana wimbo wake. Aliyeuawa ni “marehemu”. Saa moja na nusu, na kaka yangu hakutajwa hata mara moja.

Watu walisimama wakapiga makofi. Wengine walilia. Kwenye kiti cha mbele, kiti cha mgeni wa heshima, alikaa Mzee Kulow. Kulow ni msemaji wa ukoo wa yule aliyemuua Yarrow. Alipiga makofi kuliko wote.

16 Oktoba

Iftin, binti wa Bilan, alikuja kutoka Nairobi kwa ajili ya onyesho. Yeye ndiye mrithi, yeye ndiye aliyewapa watu wa filamu ruhusa. Nilimngoja jikoni.

“Habaryar, usianze,” alisema kabla sijafungua mdomo. Ndivyo anavyoniita, dada wa mama yake.

“Nianze nini? Mama yako ameuliwa mara ya pili, mimi nataka chai tu.”

“Aki wewe! Watu walilia, Habaryar. Kuna mtu Nairobi sasa anajua kuna story ilitoka Garissa.”

“Wanajua ya Abdinasir. Ya mama yako hawaijui.”

Akakoroga chai yake muda mrefu. Kisha akasema polepole, “Lile swali lilikuwa kwa script. Hata walilishoot. Nilikuwa pale Kotile. Sadia aliuliza, ‘Unalijua jina lake?’ na watu wote wa kamera wakanyamaza. Abdinasir alilikata huko Nairobi. Mimi pia nimeona jana tu.”

Sadia ndiye mwigizaji wa nafasi ya Mama. Ni binti wa ndugu mwingine wa baba yetu. Abdinasir alipenda waigizaji wa hapa hapa; alisema wana “nyuso za kweli”.

Nilikuwa nimemwandalia Iftin maneno makali. Nikayarudisha mfukoni. Yanamfaa mtu mwingine.

21 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mji mzima unanuka vumbi lililolowa. Mama alitoka nje bila viatu.

25 Oktoba

Adeer Abdijabar alikuja leo mchana, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

Lazima niandike hili vizuri. Kwa miaka yote tangu Yarrow auawe, ukoo wa Kulow umesema: hatujui ni nani aliyemuua. Kiangazi hiki ndipo Mzee Kulow alipoleta ujumbe kwa Adeer: mvua za vuli zikinyesha na majani yakiota, tutakuja. Kuja maana yake si kupita tu kusalimia. Wanayaacha magari mbali, wanakuja kwa miguu, wanakaa chini juani nje ya ua wa mfiwa, na mkubwa wao anasimama na kusema: Tulimuua fulani mwana wa fulani. Ngamia na maneno mengine yote hufuata baadaye. Jina hutangulia. Mama amekuwa akiyangoja majani haya kama mchungaji.

“Hawaji,” alisema Adeer.

“Njia imeharibika?”

“Njia ni nzima. Kulow anasema jambo limekwisha. Anasema mama amesamehe, na ukumbi mzima umeshuhudia.”

Nilicheka. Nilidhani ni utani. “Adeer, yule ni Sadia! Ni mwigizaji!”

“Nimemwambia. Akanijibu, Sadia ni damu yenu au si damu yenu? Amesema neno la msamaha mbele ya mashahidi, kwa hiari yake, na hakuna mzee wenu aliyesimama kumkanusha. Mdomo wa ukoo ni mmoja.” Akajikuna ndevu. “Na kusema kweli, Rukiyo, baadhi ya wazee wetu wenyewe wananiuliza kwa nini hatukusimama.”

Wazee wetu wenyewe! Kwao neno likishatamkwa mbele ya halaiki halirudi, hata likitamkwa na mtu aliyepakwa poda usoni. Abdinasir alidhani anakata swali moja kutoka kwenye filamu. Amekata safari ya ukoo mzima.

26 Oktoba

Mama anajua. Sikumwambia. Alikishusha kibuyu kile kutoka kwenye msumari, akakipangusa vumbi kwa nje tu, akakirudisha. Tulihama na kibuyu hicho kutoka malishoni hadi hapa mjini. Wakati fulani watu wa filamu walikuja kukiazima. Mama aliwapa chai, akawaonyesha mlango.

2 Novemba

Nilimkuta Abdinasir hotelini, akinywa juisi ya embe, miwani ya jua juu ya kichwa siku ya mawingu.

“Mwalimu wangu!” Akainuka kunipa kiti.

“Kaa. Kwa nini ulilikata swali?”

Hakujifanya haelewi, hilo nampa. “Tulijaribu kuionyesha kwa watu wachache. Wakatoka wazito. Mmoja aliniuliza, sasa mwisho uko wapi? Mwalimu, dunia imechoka na visasi. Watu wa huku tunajulikana kwa damu tu. Nilitaka watuone tukisameheana. Hata dini…”

“Usiniletee dini kabla sijamaliza. Kusamehe ni bora, najua, nimesoma kabla yako. Lakini mwenye kusamehe ni mwenye haki. Wewe una kamera.”

“Ni sanaa, Mwalimu. Haimfungi mtu.”

“Imemfunga mama yangu.” Nikamweleza maneno ya Kulow.

Aliacha kunywa. Akasema hakujua. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda kwa namna fulani filamu imeleta amani basi, si ndiyo?

Niliondoka kabla sijaimwaga juisi ile pale ilipostahili kumwagwa. Mwezi huu ataionyesha tena, safari hii kwa walimu wa Kiswahili wa kaunti. Anataka wanafunzi waitazame badala ya kuisoma hadithi. “Inaokoa muda,” imeandikwa kwenye mwaliko.

7 Novemba

Mto Tana umejaa. Masalani hakuvukiki, wanasema.

8 Novemba

Nimeandika makala. Mhariri anasema ni kali mno. Nimemwambia nimeipunguza.

14 Novemba

Majani yameota hata kando ya barabara ya lami. Mbuzi wamenona. Mama anakaa mlangoni uso ukielekea lango, na mtu akipita anamwitikia salamu, kisha anamtazama anavyoendelea kupita.

Nakiri hapa kile nisichoweza kukiri darasani. Simtakii Kulow uongofu. Namtakia aibu, tena ya hadharani, ya kufuatwa na watoto. Namtakia Abdinasir akae kwenye kiti kigumu mbele ya watu anaowaheshimu na asijue pa kuweka mikono. Mtu akisoma haya na kuona mimi ni mwanamke mbaya, akamzike kaka yake kwanza ndipo tuzungumze.

17 Novemba

Iftin ametuma filamu kwenye simu. Tumeitazama pamoja, yeye Nairobi na mimi hapa, tukigombana kwa ujumbe. Nilitaka kukariri makosa ya filamu kwa ajili ya walimu. Tulipofika pale Khalif anapopiga magoti, nikamwandikia: “Huyu mvulana ni nani? Anaigiza vizuri kwa bahati mbaya.”

Akajibu: “Si ni nephew ya Mzee Kulow! Mtoto wa brother yake. Ndio maana mzee huwekwa front seat.”

Nimesoma ujumbe huo, nikaiweka simu chini, nikacheka peke yangu hadi Mama akaniuliza kama ni homa.

22 Novemba

Ukumbi ulijaa walimu. Wengine walikuwa wageni kutoka bara, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na Mzee Kulow alilazimika kukitumia. Alikaa mbele, na yule mwana wa kaka yake kando yake, amevaa shati jipya. Mama alikataa kuja. “Nitazame nini? Mimi nilikuwepo.”

Filamu ikaisha, kinanda kikaisha, makofi yakapigwa. Abdinasir akasimama kupokea maswali. Nikainua mkono.

“Swali langu ni kwa Mzee Kulow.”

Abdinasir alinijua, akasita. Mzee akamwashiria aniachie. “Uliza, Mwalimu. Ni maneno ya amani tu hapa.”

“Adeer,” nikamwita kwa heshima, “yule mama tuliyemwona, amesamehe?”

“Amesamehe, alhamdulillahi. Watu yote imeona.”

“Lakini ni mwigizaji.”

Akatabasamu kwa walimu, kama mtu anayemfundisha mtoto. “Ni mwigizaji, lakini ni msichana yenu. Sisi kwetu, neno ikitoka mbele ya watu, imetoka. Mdomo ya ukoo ni moja.”

“Hata ikiwa ni filamu?”

“Hata ikiwa ni filamu. Neno ni neno.”

“Nimeshukuru. Sasa nisaidie jambo dogo. Yule aliyepiga magoti akasema, ‘Mimi ndiye niliyemuua,’ ni nani?”

Mzee akamgeukia kijana kando yake. Kijana akatazama viatu.

“Si ni mwana wa kaka yako huyu hapa? Ni damu yenu au si damu yenu? Mbele ya watu, kwa hiari yake, amesema ukoo wenu ulimuua kaka yangu. Miaka yote mlisema hamjui ni nani. Sasa tumejua. Na sikuona mzee wenu yeyote aliyesimama kukanusha. Nilikuona wewe unapiga makofi.”

“Hapana! Hapana, hiyo…” Mzee aliinuka, bakora ikaanguka. “Hiyo ni mchezo! Kijana alipewa maneno akasema! Wallahi ni mchezo tu!”

“Basi na msamaha ni mchezo.”

Mwalimu mmoja kutoka Masalani, mwanamume mnene aliyefika Garissa kabla mto haujafunga njia, akasema kwa sauti ya kanisani, ingawa ni Mwislamu: “Mzee, chagua moja!” Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine wakaanza kuigiza, “Neno ni neno! Neno ni neno!” Sitajifanya mpole: nilikinywa kicheko kile kama maji ya kiangazi. Mzee Kulow alisimama pale jasho likimtoka, akageuka huku na huku, hakuona mlango. Sadia, aliyekuwa nyuma, alikuja mbele, akaiokota bakora, akampa. Kisha akasema, kwa Kisomali, polepole, akimtazama Abdinasir na si mzee: “Mimi niliuliza swali. Nililiuliza vizuri kuliko yote niliyowahi kuyasema mbele ya kamera. Lirudishe.”

Abdinasir hakujua pa kuweka mikono.

Walimu walipiga kura kwamba hadithi isomwe darasani kwanza, na filamu itazamwe baadaye ili ilinganishwe. Adeer Abdijabar ananiambia wazee wetu wamecheka hadi wakatokwa na machozi, na kwamba hakuna tena anayesema jambo limekwisha. Nimeshinda.

23 Novemba

Nilimsimulia Mama kila kitu. Nilimwigiza Kulow na bakora yake. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

“Ulimfunga,” alisema.

“Nilimfunga, Hooyo. Mbele ya walimu wote.”

“Alilitaja jina?”

Nikanyamaza.

“Na wewe? Ulilitaja?”

Nilirudia maneno yangu yote kichwani. “Kaka yangu,” ndivyo nilivyosema. “Kaka yangu” tu. Mbele ya ukumbi mzima, katika saa yangu ya ushindi, nami sikumtaja.

“Basi mlicheza nyote wawili,” akasema Mama, bila hasira, akaendelea na mchele wake.

24 Novemba

Mvua. Sikuandika kitu.

1 Desemba

Abdinasir amepiga simu. Anasema swali linaweza kurudishwa, ila itachukua muda. Nikamwambia shanga zikitolewa kwenye kibuyu nazo zitakuwa zimeokoa muda. Hakucheka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya yule mvulana wa darasani, kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza katika jambo hili lote. Nilimweleza kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Bado namchukia, lakini sasa inanilazimu kufanya bidii.

6 Desemba

Njia ya Kotile imefunguka. Magari yanapita. Hakuna aliyesimama langoni.

12 Desemba

Mvua zinakatika. Majani yameanza kupiga manjano kwenye ncha. Leo Mama hakukaa mlangoni. Alilala mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Nimemfunika na kumtazama. Amezeeka kuliko alivyokuwa mvua zilizopita. Nilidhani msimu huu wote nilikuwa nampigania. Kwa sehemu kubwa nilikuwa napigana.

Kurasa hizi nazipeleka kwa gazeti lililochapa maneno ya Abdinasir, na mhariri asipunguze. Ya sanaa nimeyamaliza. Hadithi ilijua jambo ambalo filamu haikulijua, na mimi mwenyewe, mwenye vitabu vyote hivi, nililisahau nikiwa nimesimama na maikrofoni mkononi: kwamba msamaha na kisasi vyote viwili huja nyuma ya jina.

Kwa hiyo sasa nasema nanyi, watu wa Mzee Kulow, mlioko Garissa na mlioko Kotile. Sitawacheka tena, maana kicheko kimewapa sababu nyingine ya kukaa nyumbani. Wala siwaahidi msamaha. Si wangu, na Sadia hakuwa nao wa kuwapa. Njooni kabla majani hayajakauka. Yaacheni magari barabarani. Kaeni nje ya ua wetu juani kama baba zenu walivyokaa, na mzee wenu asimame aseme, kwa mdomo wake, asiyepewa maneno na mtu: Tulimuua Yarrow mwana wa Timiro.

Timiro ndiye mama yangu. Kibuyu bado kiko kwenye msumari, na kijinga cha kukifukizia ameshakitenga. Njooni angali anaweza kukiinua.